Mkaguzi Aliyebaki Uani

Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, kabla hajafungulia kuku, Kanyiva alikwenda kwanza kubisha mlango wa mama mkwe wake, ambaye alimwita mwaitu, yaani mama.

"Mwaitu, umeamka?"

"Nimeamka tangu jana," Susu Kasyoka alijibu kutoka ndani. "Kwani nani analala kwa friji?"

Hilo ndilo lililokuwa jibu lake tangu mwezi wa Mei uanze. Susu, yaani nyanya, kama wote walivyomwita, alikuwa na miaka themanini na miwili. Ulimi wake ulikuwa mzima kabisa, ila kifua kilikuwa kimechoka. Akicheka anakohoa, akisali anakohoa.

Watu wa tambarare za Makueni hulia kwa sababu ya joto mwaka mzima. Lakini wanaoishi kwenye vilima vya juu ya Tawa wana kilio chao. Mwezi wa Julai, ukungu huku hukaa mpaka saa nne, na baridi huingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi. Chumba cha Susu kilikuwa mwisho wa nyumba, upande wa bonde, na mlango wake ulifungukia nje. Juu hakikuwa na dari, ni mabati matupu. Kati ya mabati na ukuta palikuwa na pengo la kupitisha mkono. Dirisha la mbao lilikuwa limepinda na halikufunga.

Nyumba yenyewe ilijengwa na marehemu mume wa Susu, zaidi ya miaka arobaini iliyopita, kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe. Ilikuwa nyumba ya heshima siku zake. Sasa nyufa zilikuwa zimepanda ukutani kama siafu.

Lakini ungeiona mbele! Mwezi wa Aprili, wageni walitoka Tulia, kule Kitui, wakaleta mbuzi wa ntheo. Mbuzi hao Wakamba huwaleta ili kila mtu ajue kwamba binti wa nyumba ameshaposwa. Binti ni Mutanu, na mposaji ni kijana mmoja mpole, mrefu, aitwaye Nzau. Basi Musembi, mume wa Kanyiva, alijua wageni watatazama nyumba. Akapiga plasta ukuta wa mbele tu. Akapaka rangi nyeupe juu na nyekundu chini. Ukipita njiani ungedhani mwalimu mkuu anaishi pale. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Musembi aliijua methali hiyo, lakini rangi alipaka.

Mwishoni mwa mwezi huohuo, katika baraza la chifu, walitangaziwa habari njema. Serikali ya kaunti ilikuwa na mpango wa kusaidia nyumba za zamani zenye baridi na moshi. Mwenye nyumba angejaza fomu bila malipo. Mkaguzi angekuja kuangalia nyumba. Ikikubaliwa, kaunti ingetoa sehemu tatu za gharama, na mwenye nyumba angetoa sehemu moja, hata kwa mchanga, mawe na jasho lake.

Kanyiva alijaza fomu siku ya pili. Akarudi nyumbani mbiombio, akaingia kwa Susu hata kabla ya kuvua viatu.

"Mwaitu, Julai hii hutasikia baridi. Nakuahidi."

"Usiahidi kwa mdomo wa serikali," Susu alisema. Lakini alitabasamu, na Kanyiva aliliona tabasamu hilo.

Mkaguzi alikuja wiki mbili baadaye, saa nne asubuhi. Kanyiva alikuwa akichambua maharagwe uani. Akasikia sauti njiani, akainua kichwa, na sinia nusura limponyoke. Mkaguzi alikuwa Nzau! Alikuwa ameajiriwa na kaunti kwa muda, na orodha aliyopewa ilikuwa na jina la Musembi.

Ngoja nikueleze jambo, maana pengine wewe si wa huku. Kwa Wakamba, mama mkwe na mkwe wa kiume huheshimiana kwa kuepukana. Mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe wake. Chumba anacholala, hakichungulii hata kwa bahati mbaya. Wako watu siku hizi ambao hawajali. Kanyiva na Nzau walijali sana.

Kwa hiyo Kanyiva alijifunika leso kichwani, akakimbilia nyuma ya jiko. Nzau naye aligeuza uso na kuitazama milima kama mtu anayehesabu vilele. Musembi alimletea mkwe wake kiti, akakiweka uani. Akamletea chai. Nzau akakaa na fomu yake magotini.

"Nyumba ina vyumba vingapi, mzee?"

"Vinne."

"Ukuta uko sawa?"

Musembi angesemaje mbele ya mkwe? Angemwambia nyumba anamotoka mchumba wake ina nyufa? "Ukuta uko sawa," alisema. "Ni mambo madogo tu."

Ndani, Susu alikohoa kwa muda mrefu.

"Ni nani huyo anaumwa?" Nzau aliuliza.

"Ni mama. Ni baridi tu."

Nzau aliutazama ukuta mweupe uliokuwa ukimetameta mbele yake. Akaandika. Akashukuru kwa chai, akaenda zake. Alikuwa ameona ukuta mmoja na kikombe kimoja. Kule nyuma ya jiko, Kanyiva alimshukuru Mungu kwa kumpa binti yake mume mwenye adabu. Wazo kwamba kazi haikufanyika halikumjia kabisa.

Baada ya siku kumi, ujumbe uliingia kwenye simu ya Musembi. Kanyiva aliusoma mara tatu. "Ombi lako halikukubaliwa. Sababu: nyumba iko katika hali nzuri."

"Hali nzuri?" alisema. "Nyumba gani?"

"Hii," Musembi alijibu.

"Hii yetu?"

"Sasa ni gani ingine, Mama Mutanu?"

Kanyiva alitoka nje, akaizunguka nyumba. Aliangalia nyufa, pengo na dirisha lililopinda. Akarudi mbele, akasoma tena. Labda hao watu wa ofisi walikosea namba. Lakini jina lilikuwa lao. Labda walitumia mtambo wa kupiga picha kutoka angani. Lakini kutoka angani si mabati tu ndiyo yangeonekana, tena yenye kutu? Kila alipopata jibu, jibu lenyewe lilimletea swali.

Jioni wakasikia kwamba jirani yao Mwau amekubaliwa. Mwau! Chumba chake kimoja kilikuwa na dari tayari. Hapo Kanyiva alichanganyikiwa kabisa.

"Mwau anaimba kwaya moja na chifu," Musembi alisema.

"Kwaya na baridi vinahusiana nini?"

"Mimi sijui. Nasema tu."

Kanisani, mama mmoja alimwambia Kanyiva kwamba mpango huo ni wa nyumba za nyasi pekee. Mwingine alisema hapana, ni wa watu wenye hati ya shamba. Wa tatu akamvuta kando, akamnong'oneza kwamba fomu bila kitu kidogo hailali vizuri mezani. Wote walisema kwa uhakika, na maneno yao hayakufanana. Kanyiva alirudi nyumbani na kichwa kizito kuliko alivyokwenda. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza mkaguzi alisimama wapi.

Juni ikaingia na ukungu wake. Susu alianza kukohoa mpaka mishipa ya shingo inasimama. Kanyiva hakuweza kuvumilia tena. Kama kaunti haitaki, atafanya mwenyewe. Alikusanya magunia na nguo kuukuu, akaziba lile pengo lote chini ya mabati. Akaziba dirisha. Akaziba hata matundu mawili ya hewa yaliyokuwa juu ya mlango. Kisha jioni akawasha makaa kwenye jiko, akasubiri moshi uishe, akalitia jiko ndani karibu na kitanda.

"Asi!" Susu alisema, akinyoosha mikono. "Leo nitalala kama bibi arusi."

Kanyiva akafunga mlango, moyo wake umetulia kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Asubuhi alibisha.

"Mwaitu, umeamka?"

Kimya.

"Mwaitu?"

Aliusukuma mlango. Susu alikuwa amelala ubavu, macho nusu wazi. Alikuwa ametapika. Kanyiva alimtikisa, na mama mzee akamtazama kama mtu asiyemjua.

"Wewe ni nani?" alinong'ona.

Kanyiva alipiga ukemi. Musembi akaja mbio. Wakambeba Susu, wakamtoa nje, uani, kwenye hewa. Ndunge, mhudumu wa afya wa kijiji, alisikia ukemi ule akiwa shambani kwake, akaja na jembe mkononi. Alichungulia chumbani mara moja tu. Akaona jiko. Akaona magunia.

"Mwacheni hapohapo nje kwenye hewa, mfunikeni blanketi," alisema. "Musembi, tafuta gari sasa hivi. Anahitaji kuwekewa oksijeni hospitalini."

Susu alikaa hospitalini siku tatu. Siku ya kwanza hakumjua mtu. Siku ya pili aliuliza nani anawapa kuku wake chakula, na hapo Kanyiva akalia kwa kwikwi, kwa sababu alijua Susu amerudi.

Siku waliyomrudisha nyumbani, Ndunge alikuja. Kijijini humwita daktari, ingawa yeye hukataa jina hilo kila mara.

"Daktari," Kanyiva alianza, "mimi sielewi. Nilingoja moshi uishe. Chumba hakikuwa na moshi hata kidogo."

"Moshi unaouona sio unaoua watu usingizini," Ndunge alisema. "Makaa yakiwaka hutoa hewa ya sumu. Haina rangi. Haina harufu. Hata makaa mekundu bila moshi huitoa. Mtu huumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anatapika, analala. Wengine hawaamki."

"Kwa hiyo ni mimi nilitaka kumuua."

"Ulitaka kumpasha joto. Hukujua. Sasa umejua. Jiko la makaa haliingii chumba cha kulala. Si la kuota moto, si la kukausha nguo, hata kwa dakika chache. Na matundu ya hewa juu ya mlango hayazibwi."

"Na baridi je? Baridi nayo si itamuua?"

"Ndiyo maana kuna ruzuku. Wewe si ulijaza fomu?"

Kanyiva alimwonyesha ujumbe. Ndunge aliusoma, akainua macho, akaitazama nyumba. Naye akaonekana kuchanganyikiwa.

"Hali nzuri? Ni nani alikagua hii nyumba?"

"Alikuwa Nzau."

"Nzau gani?"

"Nzau wetu. Wa Mutanu."

Ndunge aligeukia mlango wa Susu. "Aliingia chumba cha Susu?"

"Angeingiaje?"

"Jikoni?"

"Jikoni kwangu?" Kanyiva alishtuka. "Daktari, yule ni mkwe!"

"Alikaa wapi?"

Kanyiva alionyesha kwa kidole mahali pa kiti, uani. Kidole chake kikabaki hewani. Alitazama kutoka mahali pale, akauona ukuta mweupe na rangi nyekundu chini. Hakuna kingine kilichoonekana. Hapo ndipo alipoelewa, na uso wake ukawaka kwa aibu.

"Ooo," alisema polepole. "Aliandika alichokiona."

"Aliandika mlichomwonyesha," Ndunge alisema. "Mtu hapaswi kukagua nyumba ya watu wake. Hata angeingia, hata angeandika ukweli mtupu, Mwau angesema mmependelewa. Mna siku kumi na nne za kukata rufaa tangu mpate ujumbe. Mmebakisha ngapi?"

Walihesabu. Mbili.

Musembi alitikisa kichwa. "Tukienda kusema, kijana atafutwa kazi. Watu wa Tulia watasema tumemchongea. Posa itaharibika. Mama Mutanu, afadhali tujipange wenyewe polepole."

Ndunge alisema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hapa kilikuwa kimeshafika mlangoni."

 Kanyiva alipigiwa simu na Mutanu jioni hiyo kutoka Makindu, anakofanya kazi ya hoteli. Alimweleza yote. Aliogopa binti atalia. Mutanu akasema, "Mama, kama ndoa yangu inahitaji Susu afe na baridi, basi hiyo si ndoa. Nenda."

Kesho yake, Kanyiva alivaa nguo ya kanisani. Musembi alimfuata nyuma, akinung'unika mpaka ofisi ya kaunti, Tawa.

Afisa aliyesimamia mpango alikuwa Fartun, mwanamke wa Garissa, mwenye sauti ndogo na macho yasiyokosa kitu. Kanyiva alizungumza bila kupumzika. Alieleza ukuta wa mbele, kiti cha uani, magunia na jiko. Alipofika kwenye neno mkwe, Fartun aliweka kalamu chini.

"Hukutaka akuone?"

"Ni heshima, mama."

"Najua. Hata kwetu mkwe na mama mkwe wana mipaka yao." Fartun alisimama, akaita kwenye ukumbi. "Nzau! Njoo kidogo."

Kanyiva aliruka, akajifunika leso na kugeukia kabati la mafaili. Nzau alifika mlangoni, akaona mgongo ule, akabaki nje ya mlango. Kwa hiyo kikao kile kilifanyika hivi: mkwe ukumbini, mama mkwe akiongea na kabati, na Fartun katikati akijitahidi asicheke.

"Nzau, uliingia ndani ya nyumba ya hawa wazazi?"

"Hapana."

"Kwa nini hukuniambia ni wakwe zako?"

"Niliogopa," Nzau alisema kutoka ukumbini. "Ilikuwa wiki yangu ya kwanza kazini. Niliona nikikataa nyumba moja mtasema sitaki kazi. Na nikiomba kuingia, nitawakosea heshima. Nikaandika nilichoona." Akasogea hatua moja karibu na mlango. "Susu nimesikia yuko hospitali. Tangu nisikie sijalala."

"Amerudi," Kanyiva aliliambia kabati. "Anakula."

Fartun aliichukua tena kalamu yake.

"Kuwa mkwe si kosa," Fartun alisema. "Kosa ni kunyamaza. Ungesema neno moja, ningetuma mtu mwingine. Kuanzia leo utakagua wadi nyingine, na kila orodha utakayopewa utaisoma kwanza na kuniambia jina unalolijua. Na hili nitaliandika kwenye faili lako." Akamgeukia Musembi. "Nawe mzee, mkaguzi akija, usimwonyeshe ukuta uliopakwa rangi. Mwonyeshe panapovuja. Ugonjwa unaonyeshwa daktari, haufunikwi."

Musembi alikuna kichwa. "Nilidhani yeye ni mgeni," alisema.

Fartun mwenyewe alikuja siku iliyofuata. Aliingia jikoni akatoka anafuta machozi ya moshi. Kwa Susu alipitisha mkono wote kwenye pengo. Aliandika kurasa mbili. Safari hii Kanyiva alitembea naye hatua kwa hatua, hata chini ya kitanda akamwonyesha ufa.

"Tukikubaliwa, tuanze kuchimba mchanga leo?" Musembi aliuliza. Aibu ilikuwa imemtia haraka.

"Msianze mpaka mpate barua. Kazi iliyoanza kabla ya barua hailipiwi. Na ruzuku si mkopo, hamtadaiwa. Mtu akiwaambia mtoe kitu ili barua itoke, niambieni mimi."

Barua ilitoka baada ya wiki moja. Mafundi waliziba nyufa kwa saruji. Walipiga dari ya mbao chini ya mabati, ili joto lisipande na kupotea. Dirisha jipya likafunga vizuri, na pengo likazibwa kabisa. Matundu mawili ya hewa juu ya mlango waliyaacha wazi, wakayawekea wavu. Jikoni wakajenga jiko la udongo lenye bomba la kutoa moshi nje. Musembi alibeba mchanga na mawe mpaka mabega yakachubuka, na hiyo ndiyo ikawa sehemu yake ya mchango.

Kanyiva aliona tofauti kwanza kwenye kuni. Mzigo wa siku mbili sasa ulikaa siku nne. Kisha akaiona kwa Susu. Alikohoa bado, maana uzee hauna ruzuku, lakini alikohoa kidogo na kulala usiku mzima. Jiko la makaa halikuingia tena chumbani mwake. Kama baridi ilizidi, Kanyiva alimjazia chupa ya maji ya moto, akaifunga kwa kitambaa na kumwekea miguuni.

Katikati ya Julai, Nzau alikuja na wajomba zake wawili kutoka Tulia kukamilisha maneno ya ndoa. Ukungu ulikuwa mzito, huoni hata choo. Kanyiva alikimbilia nyuma ya jiko kama kawaida. Nzau akasimama uani, akitetemeka ndani ya koti, bila kujua atazame wapi.

Mlango wa Susu ukafunguka.

"Wewe Nzau! Njoo hapa."

Alisogea hatua tatu, akasimama.

"Ingia, kijana. Kuna baridi."

Nzau alimtazama Musembi, akatazama chini. "Susu, siwezi. Hii ni nyumba ya wakwe."

"Wakwe ni hao wawili," Susu alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Mwau. "Mimi ni nyanya wa mchumba wako. Kwa nyanya hakuna mipaka, kuna mzaha tu. Wewe ni mume wangu mdogo. Nani amekukataza kuingia chumba cha mke wako?"

Wajomba waliangua kicheko. Ilikuwa kweli, na kila Mkamba pale aliijua. Nzau akainama, akaingia. Punde wakamsikia akisema kwa mshangao, "Kuna joto humu."

"Sasa je! Na siku ile ulipokaa pale nje kunywa chai, mimi nilikuwa hapahapa nakohoa. Mlango huu ulikuwa na kufuli? Mngeniita tu, ningekushika mkono nikuonyeshe pengo mimi mwenyewe."

Nyuma ya jiko, Kanyiva alishika kichwa. Walikuwa wamewauliza watu wa kanisa. Walikuwa wamemsema Mwau na kumshuku chifu. Wiki zote zile, hakuna hata mmoja wao aliyemuuliza Susu.